Kuangalia Tu Ni Pesa Ngapi?

Taa nyingi za dashibodi husema jambo moja na kunyamaza. Ya mafuta ikiwaka, tafuta petroli. Ya oili ikiwaka nyekundu, simama hapo hapo na uzime injini. Ya handibreki inakukumbusha ulichosahau. Lakini kuna ile ya manjano, yenye mchoro wa injini, ambayo haikuambii ufanye nini. Gari linatembea, redio inaimba, abiria hawana habari. Wewe unayeshika usukani ndiye unayejua, na unachojua ni kwamba kuna kitu.

Hapa Kenya magari mengi tunayoendesha yaliishi maisha mengine Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Sheria inataka gari la mtumba liwe halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini likishaingia hakuna anayelihesabia miaka tena. Kwa hivyo Probox ya 2007 bado iko kazini, na Fielder ya 2006 bado inapeleka watoto shule, na kwa nyingi kati yazo ile taa ya manjano huwaka, ikazimwa, ikawaka tena baada ya wiki mbili. Wengine huizoea. Wengine huibandika kipande cha tepu nyeusi. Nimeshawahi kupanda gari ambalo balbu yenyewe ilikuwa imeng'olewa, na mwenyewe akaniambia kwa furaha kwamba gari lake halina shida yoyote.

Nataka kuuliza swali la maadili kuhusu taa hiyo. Najua linaweza kuonekana dogo, lakini linagusa pesa za watu, na mahali penye pesa za watu hapakosi maadili. Kati ya siku unayoambiwa kuna kitu na siku unayojua ni kitu gani, kuna muda katikati. Muda huo wa kutojua ni wa nani, na nani anapaswa kuulipia?

Tuanze na mashine ya kuskani, kwa sababu wengi hudhani inataja ugonjwa. Fundi huchomeka kifaa chini ya usukani, nacho kinatoa herufi na namba, tuseme P0171. Mafundi wa mtaani huziita "kodi", na jina limekaa vizuri, maana wateja huzilipa kama kodi kweli: bila kuelewa, na bila kuona pesa zilikokwenda. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko unaochomwa na injini una hewa nyingi kupita petroli iliyowekwa. Ni hayo tu. Haisemi hewa imepitia wapi. Inaweza kuwa mpira umepasuka. Inaweza kuwa sensa inayopima hewa imeshika vumbi na inahesabu vibaya. Inaweza kuwa pampu ya petroli imechoka, au filta imeziba, au nozeli zimejaa uchafu. Msimbo ni mmoja, sababu ni saba au nane, na kila sababu ina bei yake, kuanzia mia chache hadi makumi ya maelfu.

Anayeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni, iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ni oksijeni kiasi gani iliyobaki baada ya petroli kuchomeka. Kompyuta ikisikia hewa imezidi, inaongeza petroli. Ikisikia petroli imezidi, inapunguza. Marekebisho haya hayakomi injini ikiwa inafanya kazi, na kompyuta huyaweka kwa asilimia ambazo fundi anaweza kuzisoma. Ikiwa inaongeza au kupunguza asilimia 5 hivi, hakuna neno. Ikifika mahali inaongeza 25 au 30 na sensa bado inalia hewa, kompyuta husalimu amri na kuwasha taa.

Sasa tazama kinachofanyika gereji. Sensa imeleta habari mbaya, na kitu cha kwanza kubadilishwa ni sensa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Gereji zetu huwaua wajumbe kila siku, na mteja ndiye anayegharimia mazishi. Sensa nyingine inafungwa, msimbo unafutwa, taa inazimika, watu wanasalimiana kwa mikono. Baada ya wiki mbili sensa mpya inaleta habari ile ile. Ni kweli kwamba kuna siku sensa yenyewe huchoka na kusema uongo. Lakini uongo wake unaweza kupimwa: vuta mpira mmoja wa hewa makusudi uone kama sensa italalamika, mwagia gesi kidogo kwenye njia ya hewa uone kama itabadilisha kauli. Mjumbe huhojiwa kabla ya kuhukumiwa. Kuhoji kunachukua muda, na hapo ndipo mambo huharibika.

Mjomba wangu hubeba nyanya na vitunguu kutoka Naivasha hadi Marikiti kwa Probox ya 2007. Huondoka usiku wa manane, hupanda mlima wa Mai Mahiu gari likiwa limekalia matako kwa mzigo, na kabla jua halijatoka anakuwa ameshusha. Gari hilo ndilo linalolipa mkopo wa sacco na karo ya binamu zangu wawili. Mwaka jana taa ilimsumbua kwa miezi mitano. Fundi wa kwanza alibadilisha sensa ya oksijeni, 7,000. Wa pili alisafisha nozeli na kuweka plagi mpya, 5,500. Wa tatu alisema shida ni petroli mbaya, akamshauri ahame kituo, akafuta msimbo kwa 1,000. Kila mara taa ilizimika na kila mara ilirudi, na gari likawa linazidi kukosa nguvu mlimani.

Fundi wa nne alikuwa kijana wa rika langu, mwenye kibanda cha mabati na mashine ya kuskani iliyofungwa kwa raba. Alisoma msimbo na hakuufuta. Akafungua ukurasa mwingine, ule unaoonyesha hali ya gari wakati hitilafu iliponaswa, kwa sababu kompyuta huhifadhi namba za wakati ule ule: mwendo, joto la injini, uzito wa kazi iliyokuwa ikifanya. Mwendo ulikuwa kilomita 24 kwa saa. Injini ilikuwa moto, na ilikuwa inavuta kwa nguvu zake karibu zote.

"Mzee," akamwambia mjomba, "huwa unapanda mlima gani?"

Nilimwona mjomba akigeuka kumtazama upya. Kwa miezi mitano hakuna fundi aliyekuwa amemuuliza swali.

"Mai Mahiu."

"Na mzigo?"

"Kreti sita, na gunia mbili za vitunguu."

"Basi hii kodi haizaliwi hapa kwangu. Inazaliwa kule mlimani. Nipe masaa mawili niitafute. Kuangalia ni 2,000, nipate nisipate."

"Kuangalia tu?" mjomba akasema. "Elfu mbili ya macho?"

Alikuwa ameshatoa 13,500 kwa watu watatu ambao hawakutatua lolote, na hakuwa na kinyongo nao, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemwachia kitu. Sensa ya zamani aliipewa imefungwa kwenye gazeti. Plagi nne zilizochakaa ziko hadi leo kwenye droo ya gari. Hata yule wa petroli alimwachia maneno ya uhakika. Huyu wa nne alikuwa anaomba pesa na huenda asimpe hata kitu kimoja cha kushika mkononi.

Alikubali shingo upande. Fundi aliweka mawe mbele ya magurudumu, akamwambia mjomba akanyage breki, aweke gia ya D na aguse mafuta taratibu. Injini ikainama kwenye maunti zake, kama inavyoinama ikivuta mzigo. Fundi alikuwa ameelekeza tochi chini ya ule mpira wa mikunjo unaopeleka hewa kwenye injini. Gari likiwa limetulia, mpira ulionekana mzima. Injini ilipoinama, ufa wa urefu wa kidole ulifunguka upande wa chini, ndani ya mkunjo, mahali ambapo jicho haliendi. Mjomba alipoachilia mafuta, ufa ukajifunga tena kana kwamba haujawahi kuwepo. Hewa ilikuwa inaingilia hapo, ikiwa imeshaikwepa sensa inayoipima, na kompyuta ilikuwa haiihesabu. Mpira wa mtumba uligharimu 1,200.

Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaisema kwa kumsuta mvivu. Lakini methali hiyo inadhani ufa umeshaonekana na kilichobaki ni udongo. Haisemi lolote kuhusu ufa unaojifunga fundi akija na kufunguka akienda, wala haisemi nani atamlipa mtu wa kuutafuta.

Je, wale mafundi watatu walikuwa waongo? Ni rahisi kusema ndiyo, na katika stori za Nairobi fundi huwa mwizi kabla hajafungua boneti. Mimi sidhani. Fundi wa jua kali Grogan halipwi mshahara. Akikaa masaa mawili na gari lako na mwishowe akuambie "sijui bado", hutampa hata nauli. Akikuuzia sensa, anapata faida yake juu ya sensa, na wewe unaondoka ukiwa na furaha. Tumeweka bei kwenye spea na hatukuweka bei kwenye kujua, halafu tunashangaa kwamba tunauziwa spea. Anayelipwa kwa kubadilisha atabadilisha. Mteja anayetaka jibu kabla ya saa kumi na moja jioni, na asiyetaka kusikia neno "bado", anakuwa ameshaununua uongo kabla haujasemwa. Kinachobaki ni fundi kuufunga kwenye gazeti.

Hiyo haimwachilii fundi huru kabisa. Kukisia si dhambi, mradi ukisie kwa sauti. Fundi anaweza kusema, "Bosi, naona kama ni sensa, lakini sina hakika. Tukiiweka na taa irudi, pesa yako itakuwa imeenda." Hapo mteja anashiriki katika bahati nasibu akijua ni bahati nasibu. Lakini fundi anaposema "ni sensa" kama mtu aliyeiona, amefanya jambo jingine. Amechukua kutojua kwake mwenyewe na kumtoza mwenzake bei ya uhakika. Mimi naona hapo ndipo penye kosa la kimaadili, na kiasi cha pesa hakibadilishi kitu.

Hata kufuta msimbo, ambako ndiko tunakolaumu zaidi, kuna nyuso mbili. Ukielewa jinsi kompyuta inavyofikiri utaona. Kwa hitilafu nyingi, haiwashi taa mara moja. Ikiona kosa safari ya kwanza, inaliandika pembeni na kusubiri. Ikiliona tena safari inayofuata, ndipo inawasha. Kosa likitoweka, inasubiri safari tatu mfululizo zisizo na kosa kabla ya kuizima taa yenyewe, na hata hapo huendelea kuuweka msimbo kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate moto mara 40 bila kosa kurudi. Ni kifaa chenye subira kuliko sisi. Kwa hivyo taa "inaporudi" baada ya kufutwa, mara nyingi haikuwa imeenda popote. Ni kompyuta iliyonyang'anywa ushahidi na ikabidi iukusanye upya.

Fundi aliyeziba ufa kisha akafuta msimbo anauliza swali: je, nimepata? Akikuambia uendeshe wiki mbili kisha urudi, yuko sawa kabisa. Fundi asiyegusa kitu na kufuta anatoa jibu ambalo hana. Kitufe ni kile kile, taa inazimika vile vile, na tofauti yote iko katika maneno anayokuambia akikurudishia funguo.

Halafu yuko anayefuta asubuhi ya siku ya kuuza. Huyu hana utata. Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui na linafaa kujulikana: msimbo unapofutwa, hufutika pia zile namba za wakati wa kosa, na yale majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe hurudi mwanzo na kuandikwa kwamba hayajakamilika. Ukienda kununua gari na mashine ikaonyesha hakuna kosa hata moja lakini karibu majaribio yote hayajakamilika, basi betri ilitolewa juzi au mtu alifuta juzi. Gari lenyewe limekuambia kwamba limepanguswa kumbukumbu. Muulize muuzaji, kisha umtazame usoni.

Tabia hii ya kubadilisha spea kabla ya kuangalia haiishii gereji. Homa ya mtoto ni taa ya manjano. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Afrika mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria moja kwa moja, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Hawakusema malaria haipo. Walisema homa ni habari tu, na habari moja inaweza kutoka nyumba nyingi.

Nimeiona pia karibu zaidi. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, taa iliiwakia familia nzima. Shangazi mmoja alisema ni bangi. Mwingine alisema kuna msichana. Mchungaji aliitwa. Baba mdogo akanitafutia kozi nyingine kabisa, na fomu akaijaza yeye mwenyewe. Kila mmoja alikuja na spea mkononi, na wote walikuja kwa upendo, hilo silikatai. Shosho peke yake ndiye aliyevuta stuli, akaendelea kuchambua maharagwe yake, na baada ya muda mrefu akaniuliza, "Ilianza lini?" Kumjibu kulichukua jioni nzima. Sababu hazikuwa moja, na ada ilikuwa mojawapo tu. Hakuniponya na hakusema ataniponya. Lakini hadi leo nikihesabu watu walionisaidia mwaka ule, naanza na yeye.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba taa ni jambo kati ya fundi na mteja. Kuna mtu wa tatu, na ukitaka kumwona lazima urudi nyuma hadi mahali taa ilipotoka. Katika miaka ya 1940 mji wa Los Angeles ulianza kufunikwa na ukungu mchafu uliochoma macho ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba sehemu kubwa yake ilitokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta ukipikwa na jua. California ikaanza kuwabana watengenezaji. Kuanzia magari ya mwaka 1988 ililazimu gari lijichunguze na kuwasha taa likianza kuchafua hewa, na mwaka 1996 mfumo ulioboreshwa ukawa wa lazima kwa magari yote madogo mapya Marekani. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Namba kama P0171 zimetoka huko.

Maana yake ni kwamba taa hii tunayoiona kama mali ya mwenye gari iliwekwa hasa kwa ajili ya mtu aliye nje ya gari. Iliwekwa kwa ajili ya anayepumua nyuma yako.

Ukilijua hilo, mchezo mwingine wa gereji unabadilika sura. Katalisti, ile sehemu ya bomba la moshi inayosafisha gesi, ina platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake, na kuna wanunuzi. Watu wengi hukatiwa katalisti zao, kwa kujua au bila kujua, na mahali pake panachomelewa bomba tupu. Sensa ya nyuma, ambayo kazi yake ni kukagua kama katalisti inafanya kazi, huripoti P0420. Dawa ya mtaani ni kuifungia sensa hiyo kipande cha chuma kinachoisogeza mbali na moshi, ili inuse kidogo na iseme mambo ni shwari. Gari linakimbia vizuri tu. Mwenye gari haoni hasara yoyote, na ndiyo sababu tunadhani hakuna kosa. Hasara iko kwa mama mboga aliyekaa kando ya barabara tangu asubuhi, kwa anayesukuma mkokoteni, kwa mtoto aliyebebwa kwenye boda boda nyuma ya bomba lako pale kwenye foleni.

Usidhani huu ni ujanja wa watu maskini. Mwezi Septemba 2015 ilibainika Marekani kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari likiwa linapimwa. Kwenye kipimo gari lilikuwa safi. Barabarani lilitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari yaliyohusika duniani yalikuwa kama milioni 11. Kipande cha chuma cha Grogan na programu ya wahandisi wa Ujerumani vinafanya kazi moja: kumlisha mjumbe maneno ya kusema.

Najua msomaji mmoja ameshachoka nami. Anasema: wewe unaongea maadili, mimi nina elfu tatu hadi mwisho wa mwezi. Taa imewaka, gari ndilo ofisi, na nikilisimamisha watoto hawali. Nifanye nini?

Nadhani anaweza kuendelea kuendesha. Kuna ubaguzi mmoja: taa ikianza kupepesa, ikiwaka na kuzima mfululizo, hiyo ni injini inayoruka moto, na petroli isiyochomeka inaingia kwenye katalisti na kuichoma. Hapo simama kama unavyosimama kwa taa ya oili. Lakini taa ya manjano iliyotulia mara nyingi huruhusu kusubiri, na kusubiri si kosa. Maskini ana haki ya kuahirisha matengenezo. Watu huahirisha paa linalovuja, na jino, na hata upasuaji, na hatuwahukumu.

Ninachokitilia shaka ni kuahirisha kujua. Ukijua kwamba ni mpira wa 1,200 uliopasuka, na ukaamua kwamba mwezi huu ni karo na mwezi ujao ni mpira, umeamua kama mtu mzima. Unajua unachobeba. Unaweza kumwambia anayekuazima gari, unaweza kumwambia anayetaka kulinunua, unaweza kupunguza mzigo mlimani. Ukibandika tepu, huwezi kumwambia mtu yeyote kitu chochote, kwa sababu umehakikisha huna cha kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mficha maradhi angalau anayajua maradhi yake. Mwenye tepu amejificha mwenyewe.

Kwa hivyo jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni kwamba muda wa kutojua ni wa mwenye gari, na yeye ndiye wa kuulipia. Fundi hawezi kuubeba bure, na akilazimishwa kuubeba ataurudisha kwako ukiwa umevaa sura ya sensa. Anayepumua nyuma yako ndiye hausiki kabisa na bili hii, ingawa ndiye anayeilipa mara nyingi zaidi. Na kwa kuwa ni wako, una haki ya kudai vitu fulani kwa pesa yako: uulizwe maswali, usomewe namba zote kabla ya chochote kufutwa, uambiwe kilichopimwa na ambacho hakijapimwa, na ukiambiwa "sijui bado", uonyeshwe ni wapi pameshatafutwa.

Siku nyingine taa ikiwaka, kabla fundi hajafungua boneti, muulize kuangalia tu ni pesa ngapi. Atashangaa, huenda akacheka, maana hajazoea kuulizwa. Mkubaliane bei. Kisha umlipe hata kama hajapata kitu, na urudi kesho aendelee kutafuta.